Siku Canon Ilipoenda Upande wa Wanaume

Kwa karibu mwaka mzima mume wangu Haroun aliamini kwamba kulikuwa na picha moja nzuri sana ya binti yetu Najma, na kwamba mimi nilikuwa nimeikalia. Kuikalia niliikalia kweli. Uzuri wake ndio uliokuwa uwongo, na uwongo huo uliotoka kinywani mwangu ulikuwa ukimtuliza kuliko dua zote za majirani.

Sisi ni wapiga picha wa harusi hapa Kitui mjini. Harusi ya Kiislamu ina pande mbili na sisi tulikuwa wawili, kwa hiyo tuligawana bila kugombana. Haroun alikwenda msikitini na wanaume, mimi nikabaki ndani na wanawake. Huko ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiliwa, na watu wanacheza mpaka wanja unachuruzika mashavuni. Simu zote zinaachwa mlangoni kwenye beseni, na anayelilinda beseni huwa ni shangazi mmoja asiyejua mzaha. Madirisha yanazibwa kwa leso ili asichungulie mtu. Kamera inayoingia ni moja tu, ya mpiga picha mwanamke, na inaingia kwa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeziona picha hizo, hata mume wake. Memori kadi yangu haikuwahi kuguswa na kompyuta ya Haroun. Yeye mwenyewe alijivunia jambo hilo mbele za watu. "Mimi nakaa na huyu mama nyumba moja," alikuwa akiwaambia wateja, "na sijawahi kuona hata moja." Kwa maneno hayo tuliitwa Mwingi, tukaitwa Wote, tukaitwa mpaka Emali.

Kamera zetu zilikuwa Canon 1100D na Nikon D3100, zote za watu wanaoanza kazi, na zote tulizipata baada ya wenye nazo kuzichoka. Kila mmoja wetu alikuwa na yake ya kuisifia. Haroun aliipenda Nikon. Ukiwa nje, watu mia wamepangwa mbele ya msikiti na jua liko utosini, itakupa kila uso, na hata kivuli kilicho chini ya kofia kitakuwa na kitu ndani yake. Ukiikuza picha ukutani bado inasimama. Mimi nilikuwa mtu wa Canon. Picha zake zilikuwa ndogo kidogo, lakini rangi ya ngozi yetu ilitoka na uhai. Tena Canon ndiyo iliyokuwa na ile lenzi fupi ya hamsini, ambayo haivuti karibu wala mbali, ila jicho lake ni kubwa. Mahali pa giza inakunywa mwanga usioonekana na mtu, na nyuma ya uso inaweka ukungu laini. Lenzi ya Nikon ilikuwa ile ile iliyokuja nayo, inavuta vizuri lakini jicho dogo, na gizani hulazimika kukaa wazi muda mrefu. Na lenzi ya hii haiingii kwa ile, ungelazimisha ungeivunja. Ndiyo maana Canon ilikuwa ya ndani na Nikon ya nje.

Najma alikua katikati ya mabishano hayo. Kila tulipotaka kujua ipi imeshinda, tulimkalisha dirishani, mimi nikapiga na yangu, baba yake akapiga na yake, kisha tukaweka picha mbili juu ya meza tukaanza kelele. Tunazo sura zake za utotoni mbili mbili, kama mapacha. Alipofika kidato cha pili akasema sasa basi, amechoka kuwa gunia la mazoezi. Tangu siku hiyo, ukiinua kamera, naye anainua kiganja. Tuna viganja vya Najma sebuleni, viganja vya Najma shambani, kiganja cha Najma siku ya Idi kikiwa na hina. Tulicheka. Tulidhani ni ujana, utapita.

Halima alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na alipoolewa na Khalid wa Emali, harusi ilifanyika hapa Kitui na kazi ikawa yetu. Asubuhi hiyo Haroun alinikuta nikifuta lenzi.

"Mama Najma, leo nipe Canon."

"Kwani Nikon imefanya nini?"

"Khalid anataka ile ya nyuma kuwa ukungu. Amenionyesha kwa simu. Hii yangu haitoi hivyo."

"Na mimi kule ndani nipige na nini? Na macho?"

"Si wewe ni fundi? Nikon itatosha. Wale si wanakaa tu."

Wanakaa tu! Mtu amepiga picha za harusi nusu ya maisha yake na hajui wanawake wakifungiwa ndani wanafanya nini. Na angejuaje? Hajawahi kuingia, na picha hajawahi kuona. Alifikiri tunapangwa kwenye viti na kunyweshwa chai. Ningeweza kubisha, mdomo ninao, lakini gari la kumchukua lilikuwa linapiga honi nje na Khalid alikuwa mteja wa mbali. Nikampa. Mimi nikabeba Nikon, ambayo hata flashi yake ilikuwa imekufa kwa uzee.

Bibi harusi nilimwokoa. Nilimkalisha karibu na mlango, shangazi wa beseni akasogeza pazia kidogo, mwanga ukaingia ubavuni, na picha zake zikatoka za kupendeza. Kisha ngoma ikaanza, mlango ukafungwa, na chumba kikabaki na balbu moja iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Ndipo Najma akaja mbio, amevaa gauni la rangi ya machungwa, jasho kwenye paji la uso, nywele zake zote ziko nje. Amemshika Halima kwa shingo.

"Mama, leo nipige," akasema. "Leo nipige sana."

Nilishtuka mpaka nikasahau kuwasha kamera. Nilipoiwasha nilipandisha kila kinachopandishwa, nikaegemea ukuta, nikabana pumzi.

"Tulia kidogo basi."

"Nikitulia si mimi, Mama."

Hakutulia. Nilipiga nyingi na nyingi ni uchafu wa rangi tu. Iliyo afadhali ni moja. Najma na Halima wako shavu kwa shavu, nyuma yao Mama Halima ameinua mikono, na pembeni jirani yetu Kalondu anapiga makofi. Ukuta ulitoka safi kabisa, hata msumari ulioshika leso ya dirisha unauona. Waliosimama mbele ya ukuta ndio hawakutoka. Najma ni mfuto wa machungwa, kama rangi iliyopanguswa kwa kitambaa, na juu yake kuna kitu cheupe ambacho najua ni meno yake kwa sababu nilikuwapo. Nilikasirika kidogo nikamlaani Khalid na ukungu wake, halafu nikajiambia si kitu. Amekubali kupigwa. Harusi ijayo nitakuwa na Canon.

Wiki chache baadaye lori liligonga pikipiki aliyokuwa amepanda Najma kwenye njia ya Migwani. Aliondoka nyumbani akiwa ameshika andazi, na jioni tulikuwa tumeshamzika. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Siku za matanga Haroun alitoa picha zote tulizonazo akazitandaza mkekani. Zilikuwa za mtoto, halafu viganja. Ya mwisho yenye uso ilikuwa ile ya kitambulisho, na zile picha za kitambulisho hata aliye hai zinamfanya maiti. Simu yake ilikuwa imepondwa pamoja naye. Nilimwona mume wangu, mtu aliyepiga nyuso za wilaya nzima, anafunika macho kwa mikono miwili na kulia kama mtoto. Moyo wangu ukapasuka, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Kuna moja," nikamwambia. "Siku ya Halima alinikubalia. Aliniambia mwenyewe nimpige."

Akainua kichwa. "Ikatoka?"

"Ikatoka."

"Niione."

Hapo ndipo nilipojifichia nyuma ya ahadi. "Baba Najma, utaionaje? Yuko shavu kwa shavu na Halima, na Halima hana hata ushungi."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema kweli, hiyo ni amana ya watu. Fundi yeyote atakuambia kwamba hao wengine ningewafunika kwa rangi nyeusi. Naweza, ni kazi ya dakika. Lakini nikiwafunika wao anabaki Najma peke yake, na Najma peke yake ndiye ambaye hakutoka.

Basi akawa ananiomba nimsimulie. Kila baada ya swala ya alasiri aliketi kwenye kiti chake, akasema, "Haya, alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia. Anacheka vipi? Nikamwambia. Kishimo cha shavuni kinaonekana? Kinaonekana, nikasema, Mungu anisamehe, kinaonekana kabisa. Picha ile ilizidi kung'aa mdomoni mwangu siku hadi siku. Watu wakija kumpa pole anawaambia, "Ipo picha yake, mama yake anayo. Mimi siwezi kuiona lakini ipo." Alikula, akaanza kutoka nje, akarudi msikitini na wenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikikonda.

Kazi yenyewe hakuirudia. Akasema tuuze kamera, zote mbili. Ndipo akaja msichana mmoja kutoka Migwani anaitwa Kathini, ambaye alitaka kuanza kupiga picha za mazishi na za kwaya kanisani kwao.

"Fundi, kati ya hizi mbili gani iko poa?" akauliza.

Sikuwa nimemwona Haroun akichangamka hivyo tangu msiba. Alizitoa zote mbili juu ya meza akazigeuza geuza. "Inategemea unaenda wapi, mama. Mazishi ni nje, si ndio? Watu wamepangwa kando ya jeneza, watoto, wajukuu, wakwe, kanisa. Chukua Nikon. Kila mtu atajiona, na mkikuza ya kuweka ukutani haiharibiki. Lakini kama ni ndani ya nyumba, madirisha yamezibwa na watu wanarukaruka, chukua Canon na hii lenzi yake. Hii itashika mtu akicheza gizani. Nikon na hii lenzi, kwa giza, itakupa mashetani."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilisimama pale pale mlangoni nikimngoja ajisikie. Alinitazama, na uso wake ukalainika.

"Isipokuwa huyu mama," akamwambia Kathini. "Huyu siku moja nilimnyang'anya Canon, akaingia na hiyo Nikon gizani, na akatoa picha ya binti yetu ambayo sijui kama kuna mwingine angeitoa. Huyu ni fundi kunishinda."

Kathini akaniambia, "Wow, hongera Mama." Nilimimina chai, nyingine ikaenda kwenye sahani. Msichana akaondoka na Nikon, na mimi nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike.

Nadhani kule kuzungumza kazi ndiko kulikomwamsha Haroun. Kesho yake wakati wa kifungua kinywa akaweka kikombe chini.

"Mama Najma. Amana ni ya watu, si ndio? Na wenyewe wakiruhusu?"

"Waruhusu vipi?"

"Tuwaombe. Mimi siwatazami wao. Namtaka mtoto wangu tu. Wakikataa, basi, sitarudia tena."

Nikakubali. Niliomba wakatae. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyoomba, kwenye mswala, na machozi.

Nilianza na Kalondu jirani, ambaye ni mtu wa kanisa na huimba kwaya. Alinicheka. "Aiya, Mama Najma! Mimi nywele zangu si zinaonekana na Kitui yote kila Sunday? Mwambie aangalie mpaka achoke." Mama Halima nilimtegemea zaidi. Huyo ni mkali wa dini, hata daktari mwanamume hamtaki. Alinisikiliza, akavuta ushungi wake mbele, akafikiri. "Mimi ni mzee sasa," akasema, "na yeye ni baba anayelilia mtoto. Mungu anaona nia. Mwambie asinitazame mimi, amtazame wake." Akaniombea dua mimi na Haroun, na kila neno la dua ile lilinichoma.

Akabaki Halima. Anaishi Wote sasa, nyuma ya duka la mumewe, na ilibidi niende mwenyewe kwa sababu mambo kama hayo hayaulizwi kwa simu. Nilimweleza huku nikimwekea kukataa karibu kabisa na mkono wake.

"Wewe ni mke wa mtu, Halima. Ukikataa sitakulaumu. Haroun ameshasema hatakulaumu. Na Khalid hawezi kufurahi, namjua mwanaume."

Halima alianza kulia kabla sijamaliza. "Mama, unaniuliza kitu kama hicho? Najma alikuwa wangu pia." Akatoka dukani kumwuliza mumewe. Nilisikia sauti ya Khalid ikisema, bila hata kungoja, "Huyo ni mzee wetu. Aangalie." Watu wema wanaweza kukumaliza! Halima akarudi, akachukua simu yangu mkononi mwangu, akampigia Haroun yeye mwenyewe. "Baba, ni mimi. Nimekubali. Angalia mpaka uridhike." Nikasikia sauti ya mume wangu upande wa pili, anamshukuru, anamshukuru tena, anashindwa kumaliza.

Usiniulize kama nilifikiria kuifuta. Nilifikiria njia nzima. Ningesema kompyuta imeharibika, na kompyuta zinaharibika kila siku. Lakini ule mfuto wa machungwa ni wangu. Ni siku moja tu mwanangu aliniambia nipige, na hicho ndicho nilichopata, na sikuweza kukitupa hata kwa ajili ya Haroun.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekoga na kuvaa kanzu ya Ijumaa, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tuliswali alasiri, akaketi mezani, akafuta miwani kwa upindo wa kanzu. Nilifungua kompyuta yangu, ambayo hajawahi kuketi mbele yake tangu tuoane. Nikaitafuta picha, nikaifungua, nikarudi nyuma ya kiti chake.

Alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu hivyo, mikono juu ya magoti, anangoja.

"Bado inafunguka," akasema.

Akangoja tena. Akasogea karibu, akarudi nyuma kidogo.

"Kompyuta yako iko polepole, Mama Najma. Haijamaliza kufunguka."

"Imemaliza, Baba Najma."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Lilibaki mdomoni hata macho yalipokuwa yameshaelewa. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akatazama mfuto mmoja, akahamia mwingine, kwa sababu, ukimtoa Kalondu, hajawahi kumwona hata mmoja wa wanawake wale bila buibui, na binti yake mwenyewe hajamwona katika gauni lile, na chini ya ile balbu nyekundu rangi zote zilikaribia machungwa.

"Ni yupi?" akauliza.

Nilimwonyesha. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. Kisha akafanya kile ambacho kila mpiga picha hufanya, akashuka chini ya picha kusoma namba. Akazisoma kwa sauti ndogo, jicho la lenzi lilifunguka kiasi gani, kwa muda gani.

"Robo ya sekunde," akasema. "Mtu anacheza."

"Hata Canon isingemshika," nikasema haraka. "Alikuwa anarukaruka, hakutulia hata kidogo, nilimwambia atulie akakataa. Isingemshika, wallahi."

"Ingemshika."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama alivyomwambia Kathini, fundi akieleza chombo chake. Nilimshika mabega.

"Siku hiyo nilipiga viatu vya Khalid," akasema. "Alivivua mlangoni mwa msikiti. Vilikuwa vyeusi, vipya. Nililala chini kabisa, Mama Najma, nikavipiga kwa Canon. Unaona mpaka uzi. Nyuma ukungu mzuri sana."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia hukujua, ulidhani wanakaa tu. Badala yake nikalia juu ya kanzu yake safi. Alivua miwani, akaifuta tena, akaivaa, akasogeza kiti.

"Nionyeshe tena," akasema. "Ni yupi?"

Niliweka kidole changu kwenye kioo, chini kidogo ya ile rangi ya machungwa, nikakiacha hapo.